Kilatini Msimu wa Senene

Sista aliniita ofisini baada ya chai ya saa nne, akafunga mlango. Nikajua kuna jambo, maana mkuu wetu wa shule hafungi mlango hata anapomkaripia mzazi.

“Mwalimu, bodi inataka kipindi chako kiondolewe mwakani,” alisema. “Kilatini kitoke, ziingie kompyuta.”

Nikamuuliza kompyuta zipi, au ni zile zilizofunikwa vitambaa stoo, ambazo panya wamekwisha kula nyaya zake. Hasira zangu zipo karibu, sizifichi, na umri haujazipunguza. Sista amenizoea. Akasubiri nimalize, kisha akasema mwenyekiti wa bodi ana hoja yake: Kilatini ni cha mapadri, na shule ya wasichana haitoi mapadri.

“Nimekuombea nafasi moja,” akaendelea. “Siku ya wazazi bodi itakuwepo. Waonyeshe wasichana wanapata nini. Wakiridhika, kipindi kitabaki. Wasiporidhika, usije kunililia hapa.”

“Niwaonyeshe nini?”

“Waimbe hata wimbo mmoja. Wazee wanapenda.”

“Kuimba mnaimba ninyi kanisani kila siku, Sista.”

“Tunaimba, ndiyo,” alisema huku akiinuka kufungua mlango. “Kuelewa hatukufundishwa.”

Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama mahindi ya jikoni yamefika. Wakati ule sikulitia maanani neno hilo. Nilikuwa nimeshaanza kupanga vita yangu.

Shule yetu ni ya kanisa, iko wilaya ya Muleba, upande wa Izigo, na nyuma ya mabweni kuna kibanja cha migomba na kahawa kinachotulisha sehemu ya mwaka. Mimi nafundisha historia. Kilatini ni kipindi cha ziada, mara moja kwa wiki, kwa kidato cha tatu na cha nne, na wasichana wangu hawakifanyii mtihani wa taifa. Kilianza kwa ukaidi wangu na huruma ya mkuu aliyemtangulia Sista, na kitu kilichoanza hivyo ni rahisi kukifuta. Mwisho wa wiki narudi Bukoba mjini, Kashai, nilikopanga chumba. Dereva wa bodaboda anayenipeleka stendi aliwahi kuniuliza nafundisha somo gani. Nilipomjibu alipunguza mwendo kabisa. “Kilatini? Hicho kinalipa, mwalimu?” Nikamwambia hakilipi. Akanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Watanzania wenzetu wanatutania sisi Wahaya kwa jina la nshomile, yaani ‘nimesoma’, kwamba hatuwezi kukaa na mtu bila kumjulisha tumesoma wapi. Najua Kilatini kinanifanya nionekane nshomile wa kupindukia. Lakini sikukipata kwenye majivuno. Nilikipata shambani.

Baba yangu alisoma seminari miaka mingi, akaondoka kabla ya kufika altareni. Sababu hakutueleza. Alirudi Rubafu, akaoa, akalima kahawa, na Mungu akampa mabinti watupu. Wenzake waliosoma kama yeye waliwafundisha wana wao wa kiume ili waingie seminari. Yeye alinifundisha mimi, binti yake mkubwa, tukiwa tunapogoa kahawa au kutandaza nyasi chini ya migomba. Jirani mmoja alimuuliza mbele yangu, “Huyu utamwoza kwa Papa?” Baba alicheka sana, na siku ile ile akanipa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Njia yake ilikuwa hiyo hiyo siku zote. Anasema sentensi, kisha anaendelea na kazi. Mimi naibeba kichwani mpaka tufike mwisho wa mstari wa migomba. Nikikimbilia jibu ananikata: “Usibahatishe. Tazama kwanza.” Nikisema nadhani maana yake ni hii, anauliza, “Unadhani, au umeona?” Nilimchukia kwa swali hilo. Kuna siku nililia panga likiwa mkononi, na baba hakunibembeleza wala hakunipa jibu. Lakini siku aliyosema, “Ndiyo, umeona,” nilirudi nyumbani na mzigo wa nyasi kichwani nikiwa na furaha ambayo mpaka leo sijaipata kwingine. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, amekwisha kufa, amezikwa kwenye kibanja chake kile kile. Maneno yake mimi ndiye ninayeyasema sasa darasani, na wasichana wangu wananichukia kwa ajili yake kama inavyostahili.

Walimu wenzangu walinishauri kwa nia njema. Waambie bodi kinasaidia udaktari. Waambie majina ya mimea na mifupa, waambie na sheria. Yote ni kweli na nimeyasema mara nyingi. Lakini kutetea Kilatini kwa majina ya mifupa ni sawa na kutetea kibanja kwa sababu kina kivuli. Ninachokijua mimi ni kingine. Wasichana wetu wamefundishwa kukariri tangu darasa la kwanza. Swali halijamaliza kusomwa, wao wameshapata jibu, kwa sababu limefanana na swali la mwaka jana. Wanasoma kile wanachokitarajia. Kilatini hakikubali. Hakuna anayekiongea nyumbani, hakuna redio inayokitangaza, hakuna majibu ya zamani ya kuazimana bwenini. Kuna sentensi na wewe basi, na lazima uifungue, uifunge tena, useme inachosema hata kama hukipendi. Msichana akishazoea kazi hiyo, siku akiletewa karatasi ya kuuza kiwanja atauliza kila neno kabla ya kuweka sahihi.

Tena Kilatini kina haki fulani. Kwenye Kiingereza, waliosoma shule za kulipia wanamaliza mbio wakati wengine bado wanafunga viatu. Kwenye Kilatini wote wanaanzia mstari mmoja, hata mtoto wa daktari.

Aliyenifundisha hilo ni msichana wa kisiwani. Wazazi wake walihamia visiwa vya Muleba kufuata samaki, na mama yake anaanika dagaa na kuwauza mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Kihaya hakijui, Kiingereza kilimtoa jasho. Wenzake hawakumtukana. Walicheka kidogo tu, mara nyingi, na hiyo ilitosha. Kidato cha kwanza chote na cha pili alinyamaza, na kwenye mikutano ya walimu alisemwa kuwa ni mzito. Siku aliyonyosha mkono kwenye Kilatini nilidhani anaomba ruhusa ya kwenda nje. Akaifungua sentensi polepole, neno baada ya neno, akasema inachosema, akakaa. Darasa zima likageuka kumtazama.

Tangu siku hiyo kipindi changu kilikuwa mahali pekee shuleni ambapo sauti yake ilisikika. Kingefutwa, angerudi kwenye ukimya wake, na kidato cha nne kingemkuta humo, na huko mbele mume au mwajiri angemkuta humo humo. Ndiyo maana sikuwa tayari kushindwa.

Basi nikajiandaa kwa ukali. Nilichagua sentensi nzuri nzuri, nikawafanyisha wasichana mazoezi mpaka wakawa wananikwepa wakiniona koridoni. Wimbo pia niliwafundisha, kumridhisha Sista. Siku ya wazazi ikafika, Jumamosi ya Novemba, mvua imenyesha mpaka alfajiri. Nilikuwa nafuta ubao niliposikia kelele kutoka uwanjani.

“Senene! Senene wameanguka!”

Kwa asiyetufahamu, niseme hivi: senene ni panzi wanaokuja kwa makundi makubwa msimu wa mvua, na hakuna Mhaya anayesikia wameanguka akabaki amekaa. Nimeona harusi ikichelewa kwa ajili yao, bibi harusi mwenyewe akiwa ameshika ndoo. Asubuhi ile nyasi za uwanja zilikuwa kama zinatembea. Wasichana wote mbio, wapishi mbio, na wazazi waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia getini wakaacha mizigo yao wakakimbia. Mama mmoja alimwaga chini ndizi mbivu alizomletea binti yake ili apate mfuko. Mwenyekiti wa bodi, mzee wa suti, alikunja suruali mpaka magotini akaingia nyasini na kofia yake. Sista alibaki ngazini ameshika ratiba, mkono mwingine kichwani.

Senene hawangoji. Wakishaokotwa lazima wanyonyolewe mbawa na miguu mapema, kabla hawajaharibika. Kabla jua halijapanda sana, bwalo zima lilikuwa limekaa kwenye mikeka, masinia na ndoo katikati, na kila mwenye vidole ananyonyoa. Niseme ukweli: kila mwanamke mwenye vidole. Mwenyekiti na wajumbe wake walikuwa wameshanawa, wamevuta viti, wanazungumzia kahawa yao huku wakisubiri kukaangiwa. Msichana wa kisiwani alikaa na wenzake, akimshika kila senene kwa ncha za vidole kama kaa la moto. Walikotoka wazazi wake senene si chakula, na alikuwa anawaogopa.

“Mwalimu, ratiba imeliwa na senene,” mwenyekiti akaniambia akicheka. “Usijali. Jambo lako tutalimaliza wenyewe kikaoni. Halina uzito.”

Halina uzito!

“Mzee wangu, waitu,” nikasema kwa heshima ya Kihaya, “mikono ndiyo yenye kazi. Masikio yamepumzika. Kipindi kinaanza sasa hivi.”

Sista akanikonyeza niache. Sikuacha. Nikasimama katikati ya mikeka bila ubao wala chaki, na sentensi zangu zote nzuri zikanitoka. Nikawatazama akina mama wanaonyonyoa. Nikawatazama wanaume wanaosubiri. Nikakumbuka alichotusimulia bibi mzaa baba: enzi zao mwanamke aliokota senene, akawanyonyoa, akawakaanga, akamwekea mume. Mume akala, na akifurahi akamnunulia mkewe nguo. Mwanamke hakuonja, ilikuwa mwiko. Siku hizi tunakula wote, na watoto wetu hata hawana habari kwamba kulikuwa na siku nyingine. Sentensi ikaja yenyewe, ikiwa bado na hasira yangu ndani.

“Locustas quas mulieres legunt viri edunt,” nikasema. Nikairudia polepole. Nikawaambia neno moja tu walilokuwa hawajalijua, kwamba locustas ni hao walio mikononi mwao. Mengine yote tulikuwa tumeshayasoma.

Msichana mmoja hodari, mtoto wa Izigo papo hapo, hakungoja.

“Wanawake wanaokota senene na kuwala!”

Makofi yakalipuka. Mama mmoja akasema, “Bojo, watoto wamejua!” na hata mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Kwa nini wasikubali? Ndicho kilichokuwa mbele ya macho yao, na ndicho walichokiona kila msimu tangu wazaliwe. Mimi niliinama nikachukua senene mmoja, nikamnyonyoa taratibu, nikasubiri kama baba alivyokuwa akisubiri.

Msichana wa kisiwani alikuwa ameacha kunyonyoa. Midomo yake ilikuwa inatembea. Halafu akanyosha mkono mbele ya wazazi wote na bodi nzima, mbawa zimemganda vidoleni.

“Samahani, mwalimu. Wanaokula si hao,” alisema. “Wanawake wanaokota. Wanaokula ni wanaume.”

Wenzake wakacheka, kile kicheko chao kidogo. Akatazama chini, na moyo wangu ukaenda naye. Niliona kabisa nimempoteza, tena kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya watu. Kisha akainua uso, akasema kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza:

“Senene wanaookotwa na wanawake, wanaume ndio wanaowala. Ndivyo ilivyosema.”

Mwenyekiti alikuwa ameacha habari za kahawa. Na yeye, kama wazee wengi wa huku, alipitia seminari ujanani kabla ya kuchagua kuoa, na sasa alikuwa anagonga goti kwa kidole, neno kwa neno. Akafika mwisho, akamtazama yule binti.

“Wewe mtoto si wa hapa,” akasema. “Hiyo ilikuwa mila yetu, ya zamani. Nani alikuambia?”

“Hakuna, babu. Sikujua kama kuna mila. Nimetazama sentensi tu.”

Mimi na maneno yangu yote sijawahi kuieleza faida ya Kilatini vizuri namna hiyo. Waliozaliwa hapa walijibu kutokana na walichokizoea. Mgeni, ambaye senene wenyewe alikuwa anawaogopa, alisikia kilichosemwa.

Bibi mmoja, mzee kuliko wote bwaloni, akataka atafsiriwe kwa Kihaya. Akatafsiriwa. Alinyonyoa kidogo, akasema mama yake mzazi aliwaandaa senene maisha yake yote, vidole vikapinda, akafa hajui wana ladha gani. Hakulia. Wasichana waliokuwa wamecheka ndio waliobaki midomo wazi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaambia. Bibi akamnyoshea kidole yule wa kisiwani.

“Mwambieni aseme na ya sasa. Aseme kwamba tunakula.”

Binti akafikiri, na safari hii bwalo lote likamngoja. “Nunc et mulieres edunt,” akasema. Sasa na wanawake wanakula. Bibi akajaribu kuyarudia, yakamshinda katikati, akajicheka mwenyewe, na sisi tukacheka naye. Wimbo wa Sista hatukuuimba.

Bodi ilikaa alasiri baada ya kula. Niliwasubiri nje nikiwa na uhakika wa ushindi, na ndiyo maana jibu liliniuma. Sista alitoka akanivuta pembeni. Kilatini hakijafutwa, alisema, ila kinatoka kwenye ratiba, na nafasi yake inachukuliwa na kompyuta kama walivyopanga. Nikitaka naweza kufundisha Ijumaa jioni, baada ya masomo, watakaokuja waje kwa hiari yao.

“Mwenyekiti alikutetea sana,” aliongeza. “Hicho ndicho alichoweza kukipata.”

Ijumaa jioni! Huo ni muda wa kufua, kusukana na kulala. Kitu kisicho kwenye ratiba ya shule kinakufa chenyewe, na hakuna atakayeambiwa amekiua. Nilimwambia Sista hayo yote, kwa maneno makali kuliko haya.

“Ni nafasi,” alisema. “Ichukue au iache.”

“Naichukua,” nikasema. “Akija mmoja, nitafundisha mmoja.”

Nilimaanisha. Lakini nilipofika Kashai nilijifungia chumbani nikalia kwa hasira, na mama mwenye nyumba akagonga kuuliza kama nimefiwa.

Ijumaa ya kwanza ya mwaka mpya ilikuwa ya mvua. Maji yalipiga bati mpaka nikawa sisikii hatua zangu mwenyewe. Nilifika darasani mapema, nikafuta ubao uliokuwa safi, nikaufuta tena. Nikakaa. Nilijiambia mvua hiyo ni kisingizio kizuri kwao, na kwangu pia. Aliyeingia wa kwanza alikuwa msichana wa kisiwani, amelowa, kanga kichwani, akakaa mbele kabisa. Baadaye wakaingia wengine, wawili watatu kwa pamoja, wakikung'uta maji. Yule hodari wa Izigo akaja. Wale wa kicheko kidogo wakaja, wakabanana dawati moja. Sikuwahesabu, niliogopa kuhesabu.

Nilikuwa nimegeukia ubao mlango ulipofunguka tena. Alikuwa Sista, ameshika kiti cha ofisini kwake kwa mikono miwili. Nikafikiri amekuja kuniambia kuna mabadiliko mengine. Nikajiandaa kugombana naye mbele ya watoto kama ingebidi. Akapita katikati ya madawati, akakiweka kiti chake karibu na msichana wa kisiwani, akakaa.

“Endelea, mwalimu,” akasema. “Tangu nikiwa novisi, kabla ya nadhiri, naimba maneno yale yale. Nataka kujua ninasema nini.”

Nikakumbuka mlango wa ofisi yake, na jambo alilolisema akiwa ameshika kitasa ambalo sikulitia maanani. Nikageuka, nikaandika ubaoni sentensi moja fupi, moja ya zile anazoziimba kila jioni. Sista akavaa miwani. Na kwa kuwa amezoea kuwa ndiye mwenye jibu shuleni, alifungua kinywa pale pale.

“Nadhani maana yake ni…”

Msichana wa kisiwani akamgusa mkono kwa heshima zote. Sauti yake ilisikika vizuri juu ya mvua, mpaka dawati la mwisho.

“Usibahatishe, Sista. Tazama kwanza.”

Sista akatazama.